Mgeni, umande na kengele mbili: uchambuzi wa kisa cha siku ya kwanza kwenye zazeni ya nje

Kisa hiki ni cha mfano. Mtu wake hana jina, kikundi chake hakina jina, na yaliyompata yamekusanywa kutoka yale yanayojirudia vikundi vya Zen, tawi la Ubudha, vinapokaa nje kutafakari na kupokea wageni. Tumekichagua kwa sababu mgeni aliondoka akiamini kwamba kilichomshinda ni akili yake. Ukiirudia asubuhi ile dakika kwa dakika, unakuta akili haikupewa hata nafasi ya kushindwa.

Asubuhi yenyewe

Kikundi kina watu 14. Hukutana mara moja kwa wiki kwenye uwanja wa nyasi wenye miti upande mmoja. Ratiba ni ya Soto, mmoja wa mikondo ya Zen, imefupishwa: dakika 25 za zazeni, yaani kutafakari kwa kukaa, dakika 10 za kinhini, kutafakari kwa kutembea, dakika 25 nyingine za kukaa, halafu kisomo kifupi cha pamoja na kuagana. Kengele ya kwanza hugongwa saa 1 kamili asubuhi.

Mgeni ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfanyakazi wa ofisini. Kwa miezi kadhaa amekuwa akitafakari nyumbani dakika 10 kila jioni, ameegemea kochi, macho amefumba, akiongozwa na sauti kwenye simu. Alifika saa 12:58, amevaa jinzi, kwapani ana mkeka mwembamba wa mazoezi, mkononi mto wa kulalia. Kiongozi alikuwa ameshaketi na kengele mbele yake. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Karibu sana dada. Kaa popote, uwafuate wenzako."

Popote palipobaki ni mwisho wa mstari, mahali ardhi inapoinuka kidogo. Akatandika mkeka juu ya umande, akaketi akitazama upande wa juu, akakunja miguu kama alivyomwona jirani yake: unyayo wa kushoto juu ya paja la kulia. Hazikupita dakika 10 goti likaanza kuuma. Kisha unyevu ukapenya, ubaridi ukapanda, na mguu wa kushoto ukafa ganzi. Hakujua kama anaruhusiwa kuukunjua. Kengele ikagongwa mara mbili, akadhani ndiyo mwisho, akasimama papo hapo. Mguu haukumpokea. Kifundo kikapinda, akaanguka. Wenzake wakaendelea kujipanga kimya. Mmoja alimtazama, akainamisha kichwa, basi. Akakusanya vitu vyake akaenda zake. Jioni akaandika: "Asanteni kwa kunipokea, ila nadhani Zen si yangu. Akili yangu haitulii kabisa."

Tuanze chini

Zazeni hubebwa na pembe tatu: magoti mawili na makalio. Zote tatu zikishika ardhi, mgongo hujisimamia kwa kazi ndogo sana ya misuli. Moja ikining'inia, misuli ya kiuno na ya mapaja inabaki ikikuzuia usianguke, na haipumziki hata sekunde kwa dakika 25. Maumivu ya aina hiyo ni ya kifundi, na yana dawa ya kifundi.

Mto wa kulalia hubonyea ukikaliwa na mtu mzima mpaka unabaki sentimita chache. Nyonga zinashuka usawa wa magoti au chini yake, kiuno kinapinda kuelekea nyuma, kifua kinafumba, na pumzi inakuwa fupi. Zafu, ule mto wa duara wa zazeni, una kimo cha sentimita 15 hadi 20 na umeshindiliwa sufi au maganda makavu ya nafaka ili usibonyee. Asiye nao akunje blanketi zito mara nne au tano, alibane, alikalie. Usikalie mto mzima. Kaa theluthi ya mbele tu, ili nyonga ziinamie mbele zenyewe na magoti yashuke. Kujipima ni rahisi: mtu akutazame kwa ubavuni. Paja linatakiwa lishuke kutoka nyonga kwenda goti. Likipanda au likilala sawa, ongeza kimo. Goti moja likibaki hewani, lisilazimishwe. Lishindilie taulo chini yake.

Halafu kuna mteremko. Sakafu ya ukumbi ni sawa na mtu hana haja ya kuifikiria, lakini uwanja una mwinamo hata pale jicho linapoona pamenyooka. Kanuni ni moja: makalio upande wa juu, uso upande wa chini. Mgeni alifanya kinyume, na mwinamo ukamnyang'anya hata zile sentimita chache alizopewa na mto. Mwinamo wa ubavuni ni mbaya zaidi kwa sababu hausikiki mwanzoni. Kalio moja linakaa chini ya lingine, uti wa mgongo unajipinda kulipia tofauti, na dakika ya ishirini bega moja linawaka moto bila sababu inayoonekana. Chupa ya maji iliyolazwa inatosha kukuambia ardhi inaelekea wapi.

Umande nao. Mtu aliyetulia hatoi joto kama anayetembea, na ardhi yenye maji huvuta joto kwa nguvu kuliko hewa. Mkeka wa mazoezi wa milimita 5 hauzuii chochote pale uzito wote unapokaa juu ya eneo la sahani mbili. Kinachofaa ni tabaka tatu: turubai au plastiki nzito chini kabisa, juu yake sponji ngumu isiyonyonya maji, nene sentimita 1 na zaidi, juu yake zabutoni, godoro la mraba la sentimita 70 hadi 80 kila upande, au blanketi lililokunjwa. Zafu isiguse nyasi hata kidogo. Yenye maganda ya nafaka ikilowa haikauki ndani, na baada ya muda inaota ukungu. Blanketi la pili ni la kufunika magoti, maana baridi ya asubuhi huingia kwenye goti tuli kabla hujaisikia kwingine.

Wapo wanaosema vifaa vyote hivi ni anasa, na kwamba anayetafuta Zen halisi akae juu ya jiwe. Dogen (1200–1253), aliyeupeleka mkondo wa Soto Japani baada ya kurudi kutoka China mwaka 1227, amelijibu hilo katika maelekezo yake. Anataka mahali tulivu, mkeka mnene, pasipoingia upepo wala kuvuja mvua na umande. Anakumbusha kwamba hata wale wa kale waliokaa juu ya mwamba walitandika kwanza majani, tena mengi. Kutandika vizuri ni sehemu ya zazeni, haikuwa huruma kwa wadhaifu.

Mguu uliokufa ganzi

Hapa ndipo pa hatari, na ndipo vikundi vingi vinapopuuzia. Watu husema damu imesimama. Mara nyingi kinachobanwa ni mshipa wa fahamu. Mmojawapo hupita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, karibu kabisa na ngozi, na ndio unaoamuru unyayo uinuke. Ukibanwa na sakafu, na paja la pili, au na mshono mnene wa jinzi nyuma ya goti, unyayo hupoteza hisia na pia nguvu ya kujiinua. Ukiwa umekaa, kwa kawaida hilo halina madhara, hurudi lenyewe. Ukisimama nalo, vidole vinaburuzika, kifundo kinageukia nje, na uzito wote unashukia pembeni mwa unyayo. Hivyo ndivyo mgeni alivyoanguka, na kwenye nyasi zenye vishimo ni bahati kwamba kifundo hakikuteguka.

Kengele ikilia, usisimame. Unganisha viganja na uiname kidogo. Hiyo ndiyo gasho. Yumbisha kiwiliwili kushoto na kulia, kwanza kidogo, kisha zaidi. Shika mguu kwa mikono na uukunjue mbele yako. Sugua unyayo, kisha jaribu kuinua vidole kuelekea kwako. Visipoinuka, subiri. Vikiinuka, piga magoti, simamisha mguu ulio mzima, halafu ndipo uinuke. Ikikuchukua dakika mbili, wenzako watakuwa wameanza kinhini. Utaingia kwenye mstari wakipita, hakuna ubaya. Ganzi au udhaifu usioisha baada ya dakika kadhaa za kutembea, au unaojirudia mguu uleule kila mara, ni jambo la kumwona daktari.

Maumivu ya goti yasichanganywe na ganzi. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua kama bawaba. Kuzunguka ni kazi ya nyonga. Nyonga ikiwa ngumu, na ya mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi huwa ngumu, kulazimisha unyayo upande juu ya paja kunalifanya goti lizunguke badala yake. Maumivu makali ya ndani ya goti yana maana moja: fungua mguu sasa hivi. Mgeni aliiga nusu-lotasi, ule mkao wa unyayo mmoja juu ya paja, kwa sababu jirani yake aliikaa. Hakuna aliyemwambia kwamba jirani alianza kwa mkao wa Kiburma, miguu yote miwili ikilala chini mmoja mbele ya mwingine, au kwamba kuna seiza, kupiga magoti makalio yakiwa juu ya kibao kifupi, au kwamba kiti cha kawaida ni zazeni kamili.

Kengele ambayo hakuna aliyeieleza

Kwa desturi ya Soto kengele tatu huanzisha zazeni. Mbili hutangaza kinhini. Moja humaliza, iwe ni kinhini au ni zazeni isiyofuatwa na kutembea. Kwa hiyo asubuhi ile mgeni alipaswa kusikia tatu, mbili, moja, tatu, moja. Ni sekunde 20 za maelezo. Alipozikosa, alitafsiri ishara kwa akili ya kawaida: kengele imelia, kumbe tumemaliza.

Kosa hapa ni la kikundi. "Uwafuate wenzako" ni agizo lisilotekelezeka kwa mtu anayetakiwa pia aangalie chini na asigeuke. Na nje kuna jambo la ziada: sauti. Kengele ya bakuli inayojaza ukumbi nje humezwa na upepo upesi. Kengele ndogo ya mkononi yenye sauti kali, au vipande viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa, hufika mbali zaidi. Anayegonga akae upande upepo unakotoka, ili upepo umbebee sauti. Aliyekaa mwisho wa mstari akisema hakusikia pigo la kwanza, muamini.

Kinhini yenyewe nayo humchanganya anayeiona mara ya kwanza. Katika Soto watu hutembea polepole mno: kwa kila pumzi nzima mguu husogea mbele nusu ya unyayo. Kiganja cha kushoto kimefumbatwa, dole gumba ndani, kimewekwa kifuani, na cha kulia kimekifunika. Mzunguko ni wa mkono wa saa. Vikundi vya Rinzai, mkondo mwingine wa Zen, hutembea haraka, na wakati wa kukaa hutazamana, ilhali wa Soto hutazama ukuta. Anayehama kutoka kikundi kimoja kwenda kingine aulize badala ya kudhani. Juu ya nyasi tunapendekeza viatu vyepesi visivyo na kamba, vilivyowekwa ubavuni mwa mkeka. Kutembea peku kunapendeza mpaka mtu akanyage mwiba.

Ukimya usiopaswa kuwa ukimya

Mtu alianguka, na watu 14 wakaendelea na ratiba. Tunaamini hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wamefundishwa kutovuruga, kutotazama huku na huko, kutozungumza kati ya kengele na kengele, na kila mmoja alidhani kumwachia nafasi ndiyo heshima. Lakini kanuni ya ukimya haihusu mtu aliyeumia. Katika kumbi za Zen huwa kuna mwenye zamu ya kuangalia waliokaa na muda. Kikundi kinachokaa nje kinamhitaji zaidi, na kwa hesabu yetu asiwe yule anayegonga kengele. Huyo wa pili akae pembeni, uso kwa watu, na akubali kwamba asubuhi hiyo zazeni yake itakuwa nusu. Kazi yake ni mgeni, mikoba, mbwa wanaokuja kunusa, wapita njia wanaouliza kulikoni. Mtu akianguka, huyo mwangalizi anainuka, anamwendea, anachuchumaa, anauliza, "Umeumia?" Inatosha.

Swali la kila mtu akae akitazama wapi linahusu jambo hilohilo. Nje hakuna ukuta. Baadhi ya vikundi hupanga mduara unaotazama nje, na kwenye picha hupendeza. Kwa mgeni, kuwapa mgongo watu usiowajua mahali pa wazi ni mzigo mkubwa kuliko goti. Mstari unaotazama miti, njia ya wapita njia ikiwa ubavuni, hutuliza zaidi.

Na akili, basi?

Ujumbe wake ulilaumu akili, kwa hiyo tuipe haki yake. Aliingia kwenye dakika 25, tena mara mbili, akitokea kwenye dakika 10 zenye sauti ya kumshika mkono. Zazeni haina sauti hiyo. Asipopewa kitu cha kushika, mtu anabaki akisikiliza goti.

Cha kushika kipo, na ni kidogo. Kiganja cha kushoto kinalala juu ya cha kulia, vyote vimetazama juu, ncha za madole gumba zinagusana kwa wepesi usawa wa chini ya kitovu. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kidevu kimerudishwa ndani kidogo, pumzi kwa pua. Hesabu kila pumzi inayotoka: moja, mbili, mpaka kumi, kisha moja tena. Ukipotea kwenye nne, au ukajikuta kwenye kumi na saba, rudi moja bila kesi. Madole gumba ni kipimo kizuri kuliko vyote: yakikandamizana umekaza mno, yakiachana umesinzia.

Macho ni nusu wazi, yametupwa chini kama nyuzi 45, mita 1 hivi mbele. Mgeni aliyafumba kwa mazoea ya kochi. Nje, macho yaliyofumbwa hugeuza kila mlio kuwa kitendawili. Tawi likivunjika mwili mzima unashtuka, kwa kuwa jicho halina pa kuthibitisha. Yakiwa wazi, mlio ni mlio na unapita. Kazi inayobaki ni kutofuatilia: siafu atapita kwenye ile mita moja, na mtu atajikuta amemsindikiza safari nzima. Hapo unarudi kwenye moja.

Tusemacho kinaweza kuwaudhi wanaopenda mabango yenye machweo na mtu ameketi juu ya mlima: zazeni ya nje ni ngumu kuliko ya ndani, na si mahali rahisi pa kuanzia. Ina uhalali wake wote. Maandiko ya kale ya Kibudha yanamtaja mtafakari akienda msituni, chini ya mti au penye nyumba tupu, na Buddha mwenyewe anasimuliwa kuwa aliamka chini ya mti huko Bodh Gaya. Lakini ardhi, hewa, wadudu na watu vinaongeza mambo manne ambayo ukumbi uliyaondoa. Kikundi kinachoita wageni nje kinapaswa kufanya kazi ya ukuta na ya sakafu.

Kuna watu ambao suala la akili ni la kweli. Mwenye historia ya kuchanganyikiwa na kupoteza uhalisia, aliye katika msiba mbichi, au aliyepitia ukatili na picha zake humrudia akitulia, azungumze kwanza na anayemtibu na amdokeze kiongozi. Aanze na dakika 5 au 10, macho wazi, na ajue anaweza kusimama wakati wowote.

Alivyorudi

Kiongozi hakumjibu kwa maneno ya kutia moyo. Alimwomba radhi kwa kumwambia akae popote, akamuuliza mguu unaendeleaje, kisha akamwandikia: "Ukipenda kujaribu tena, njoo saa 12:40, tukupange kabla ya kengele. Kiti tutakuwa nacho. Si lazima ukae vipindi vyote viwili."

Alirudi baada ya wiki mbili, amevaa suruali pana. Dakika 15 kati ya zile 20 za kabla ya kengele ziligawanywa hivi: kuchagua mahali na kutandika, dakika 5, kujaribu mikao mitatu, dakika 5, kengele, gasho na namna ya kuinuka, dakika 3, mbili zilizobaki, maswali. Nafasi yake ilikuwa ya pili kutoka mwisho, katikati ya wenyeji wawili, ili awe na mtu wa kutazama pande zote mbili. Kipindi cha kwanza alipiga magoti juu ya kibao cha seiza, cha pili akakaa kwenye kiti.

Haikwenda safi. Miguu ya kibao ilizama kwenye udongo laini, wa kushoto zaidi, na kufikia dakika ya kumi alikuwa ameinama upande. Kibao cha seiza kinataka ubao chini yake. Kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 50 kinatosha. Kiti cha kukunja kina tatizo hilohilo mara nne, kwa hiyo kila mguu upewe kipande chake cha mbao. Juu ya kiti mtu hukaa nusu ya mbele bila kuegemea, nyayo zote zimelala chini kwa upana wa mabega, magoti chini kidogo ya nyonga. Mfupi wa miguu aweke ubao chini ya nyayo.

Mbu nao walikuja. Mtu akiumwa kiasi cha kushindwa kuendelea, anafanya gasho, anasogeza mkono taratibu, anashughulika, anafanya gasho tena, anarudi. Mikono mirefu na dawa ya kupaka isiyonukia husaidia kuliko udi, ambao upepo huutawanya na ambao juu ya nyasi kavu ni kuchezea moto. Siafu wanaopanda kwa kundi hawataki gasho: simama, ondoka, jikung'ute. Ndiyo maana kabla ya kutandika mtu huchunguza ardhi dakika nzima. Kivuli vilevile huchunguzwa mapema, kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na aliyeketi kivulini saa 1 anaweza kumaliza akiwa juani. Panga mstari kwa kivuli cha mwisho wa kikao.

Baada ya kengele ya mwisho aliuliza maswali ambayo kila anayetaka kujiunga angefaa kuyauliza, tena mapema. Nani anaongoza, amefunzwa na nani, na ameruhusiwa kufundisha au anaratibu tu? Yote mawili yanakubalika, mradi lisemwe wazi. Mwenye uwanja ameombwa ruhusa? Kuna kulipa? Kwa mila ya Zen mchango ni wa hiari. Anayebanwa atoe kiasi fulani kabla hajakaa mara ya pili ana haki ya kuondoka, sawa na anayeambiwa apuuze ushauri wa ndugu zake au wa daktari. La dini liliulizwa pia. Kiongozi alijibu bila kuzungusha kwamba Zen ni tawi la Ubudha na kisomo cha mwisho ni andiko la Kibudha. Gasho wanaielekeza kwa nafasi zao na kwa wenzao, na asiyetaka kusoma anakaa kimya bila kuulizwa. Tunaliona jibu hilo kuwa bora kuliko lile linalosema "ni mazoezi tu ya kupumzisha akili". Mtu aliyefichiwa hugundua wiki ya tatu, na hapo huondoka kwa hasira.

Tangu hapo kikundi kinamtumia kila mgeni ujumbe mmoja siku moja kabla: "Fika saa 12:40. Vaa suruali pana, rangi tulivu, usijipulizie manukato. Kula kidogo. Leta turubai au plastiki, blanketi mawili na viatu vyepesi. Mto, sponji na kiti vipo. Simu izimwe, isiachwe kwenye mtetemo. Kengele 3 tunaanza, 2 tunatembea, 1 tumemaliza. Mguu ukifa ganzi usisimame. Radi ikisikika tunavunja kikao na kuingia ndani ya jengo au gari, hatujikingi chini ya mti. Hatuketi tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo."

Mwenyeji mmoja alimuuliza mgeni wetu, kwa nia njema, ni lini atashuka kutoka kwenye kiti akae chini kama wengine. Kiongozi aliomba swali hilo lisirudiwe kwa mtu yeyote. Goti la kushoto la mgeni bado linauma akilikunja sana, na hilo ni la daktari. Mpaka liangaliwe, kiti kimeandikwa kwenye orodha ya vifaa vya kikundi, pamoja na vipande vyake vinne vya mbao.